Kikohozi cha Mzee Lagat

Jumatatu, 14 Aprili

Baridi kali. Ukungu umeegemea dirisha tangu alfajiri. Nimeanza kuandika shajara kwa sababu mambo makubwa yanakuja, na ni vizuri siku moja watu wajue nani aliyafikiria kwanza.

Habari njema: koito, kikao cha posa ya binti yetu Brenda, ni Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 26. Wazee wa upande wa mchumba wake Gideon watatoka Plateau waje tukae, tuongee, na tarehe ya harusi itajwe.

Habari ya pili ni choo.

Niandike wazi maana hakuna atakayesoma. Walipokuja mara ya kwanza, Februari, kujitambulisha tu, choo chetu kilirudisha uchafu juu. Shangazi wa Gideon alikuwa ameingia na viatu vyeupe. Alirudi Plateau na malapa ya mke wangu Esther. Viatu havijatajwa tena mbele yangu, lakini ujumbe ulifika: wakiaibika tena, hakuna mara ya tatu. Leo Brenda alinifuata dukani akaongea kwa sauti ya chini kabisa, ambayo kwake ni mbaya kuliko kelele. "Daddy, sitaki tent. Sitaki MC, sitaki keki. Nataka choo tu. Hiyo tu."

Nikamwambia alale usingizi. Mimi, Johnstone, ni mtu wa sayansi. Nina agroveti pale Pioneer, nauza chanjo za kuku, bakteria nawajua kwa majina.

Shida yenyewe si yangu. Bomba la maji taka la mji linaishia kwenye lami, na sisi tulio ng'ambo ya lami kila mtu anajitegemea. Jirani yangu Mbuthia, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alichimba septiki ya vyumba vitatu, akazungushia maua, na kila mgeni wake lazima apelekwe kuitazama. Mimi nilichagua baiodaijesta. Tangi dogo, limezikwa, wadudu wasioonekana wanakula kila kitu, na maji yanayotoka unamwagilia sukuma. Fundi wangu Okeyo, anayejiita Injinia, alinipigia saluti nilipochagua. "Mzee, hii si shimo. Hii ni system."

Kisha akaanza masharti. Tangi lisikae juu ya ardhi iliyowahi kuchimbwa. Dawa ya kuua viini isiingie humo hata kidogo. Bomba la hewa lipande mpaka lipite paa.

Nilirekebisha kidogo. Pale konani mwa ploti, nilipolizika tangi, ardhi ilikuwa laini ajabu, kwa sababu ndipo palipokuwa choo cha shimo cha marehemu Mzee Lagat, mwenye ploti hii kabla yetu. Wachimbaji walimaliza kabla chai haijachemka. Na lile bomba la hewa lilikuwa bomba zuri mno kuachwa linuse mavi. Limeshikilia antena ya TV. Picha safi sana.

Jambo dogo la saa kumi. Nilikuwa naenda chooni, mkono uko kwenye kitasa, mtu akakohoa ndani. Mara mbili kwa kifupi, moja ndefu, halafu "hmm". Nikarudi nyuma, nikasimama kama mtu aliyelelewa. Tulipokuwa wadogo vyoo havikuwa na komeo. Aliye ndani anakohoa, anayekuja anangoja, na hakuna anayemuuliza mwenzake kitu. Kwa hiyo nikangoja. Nikangoja mpaka mguu ukafa ganzi. Kisha Esther akatoka jikoni na sufuria, akaniuliza nafanya nini pale. Brenda alikuwa mjini. Nyumba hii ina watu watatu.

Mlango haukuwa umefungwa. Ndani hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa na joto.

Jumatano, 16 Aprili

Nimempigia Okeyo. Akacheka, akasema ni hewa. Hewa ikinyimwa bomba inapita inapopata, na kwa sababu ardhi ya shimo la zamani inatitia, tangi limeinama na maji yanagugumia. Akaniuliza bomba la hewa liko wapi. Nikasema simsikii, mtandao mbaya. Yuko kazini Ainabkoi, atakuja Jumanne.

Basi, ni hewa. Nimefurahi kusikia.

Lakini adhuhuri nimemkuta Esther amesimama nje ya mlango wa choo na ndoo ya maji, ametulia, anaangalia maua ya jirani. Nikamuuliza anangoja nini. Akasema kuna mtu. Halafu akaniangalia mimi, akaangalia mlango, na ndoo ikaanza kumwagika kidogo kidogo kwenye viatu vyake.

Esther ni kiongozi wa akina mama kanisani. Hana mchezo na mambo ya mapepo. Akaweka ndoo chini, akaniambia kwamba siku tulipokuja kuiona ploti hii, Mzee Lagat akiwa bado hai, alienda kule konani na kusahau kugonga, na mzee alikohoa vivyo hivyo. Na ile hmm mwishoni, kama mtu anayefunga mjadala. Nikamwambia ni hewa. Akasema hewa haina hmm.

Tangu hapo akifika mlangoni anasalimu, "Chamgei, Mzee," anangoja kidogo, anaingia. Mimi sifanyi upuuzi huo. Mimi hungoja kidogo kwa sababu zangu mwenyewe.

Mbwa wetu ameacha kulala langoni. Anakaa mbele ya choo mchana kutwa, masikio juu, na mara moja moja anatikisa mkia.

Na harufu ipo. Siwezi kuikana. Si kubwa, lakini shangazi wa Plateau ana pua inayokumbuka. Nimepata wazo. Dukani nina dawa ya kuoshea mabanda ya kuku baada ya ugonjwa, ile kali, inayofanya macho yatoe machozi hata chupa ikiwa imefungwa. Jioni hii nimemwaga jerikeni nzima. Masharti ya Okeyo ni ya watu wasiojua dawa.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Sijawahi kunusa kitu kama hiki maishani mwangu, na nimewahi kusafiri kutoka Kitale na kuku waliokufa kwenye buti.

Kifuniko cha tangi kinapanda na kushuka. Upana wa kidole, taratibu, juu, chini, kama kifua cha mgonjwa. Nimekiwekea jiwe. Jiwe nalo linapanda na kushuka.

Okeyo kwenye simu hakucheka. "Mzee, umeua wafanyakazi wote." Nimeua wadudu wa tangi, sasa hakuna anayekula kinachoingia. Dawa yake ni mavi mabichi ya ng'ombe, au tope kutoka kwenye tangi la mtu mwingine linalofanya kazi. Ng'ombe wa karibu ni wa Mbuthia. Kwenda kumwomba Mbuthia mavi siku nane kabla ya koito siwezi. Tope lake ni jambo lingine, maana hilo halihitaji kuombwa.

Mbuthia na mkewe Tabby huwa kanisani Ijumaa Kuu tangu asubuhi. Nikapitisha ndoo na kamba juu ya ua, nikajipitisha na mimi. Kifuniko cha zege cha chumba cha tatu ni kizito kuliko kinavyoonekana. Ndiyo kwanza nimeteremsha ndoo, nikasikia mtu anakung'uta shuka. Tabby hakuwa kanisani. Ana mafua.

Akaja, akasimama pembeni yangu, leso puani. "Baba Brenda, unatafuta nini kwa septic yetu?"

Nikasema kuku wangu.

Akainama tukatazama pamoja humo ndani, muda mzuri tu. Kisha akasema, kwa upole, kwamba kuku hawezi kuinua zege. Akanikaribisha chai. Nikainywa, na hiyo chai ndiyo imeniuma kuliko yote. Nilipoondoka nilisahau kurudisha kifuniko sawasawa.

Alasiri Mbuthia mwenyewe akapiga simu. Amesikia tuna shida kidogo. Siku ya wageni tusijali, waje tu kwake, choo kiko, maji yako, hakuna shida yoyote kati ya majirani. Anafurahia. Nasikia jinsi anavyofurahia. Nikasema asante.

Neno moja tu la mwisho. Kikohozi hakijaisha, lakini kimekuwa chembamba, kama cha mtu aliyelazwa. Hmm haitoki, anaianza tu inakatika. Esther alisimama nje ya mlango akasali, akageuka akaniuliza nimemfanya nini mzee wa watu. Nikasema ni tangi. Lakini nilihuzunika. Niliketi jikoni nikamhurumia mtu ambaye hayupo.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Mama mkwe amefika kutoka Ainabkoi. Mama Jebet hapigi simu kabla. Unasikia tu geti. Ameleta mursik ya koito, vibuyu saba vya ukoo, vimesuguliwa kwa mkaa wa mti anaoujua yeye, maziwa yamelala humo tangu Februari. Hakuna mkono ulioruhusiwa kuvigusa. Amevipanga stoo mwenyewe, ameviwekea blanketi.

Nilimpelekea mito ya kuviegemeza, nikasikia kitu. Kibuyu kilikuwa kinanong'ona. Nikauliza. Mama Jebet akanitazama kama mtoto wa darasa la kwanza. "Mursik iko hai. Ikinyamaza, mwaga."

Iko hai!

Sijala chakula cha jioni vizuri kwa furaha. Tangi limekufa, linahitaji vitu hai. Stoo yangu imejaa vitu hai.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Wanawake wote watatu walienda mjini kutafuta vitenge. Nilikuwa na muda wa kutosha na jua lilikuwa limetoka, kitu cha nadra wiki hii.

Nilifikiri kibuyu kimoja. Lakini kimoja kwa tangi lote ni kama kutema mate ziwani, na Brenda alisema choo, hakusema mursik. Maziwa yanaweza kununuliwa. Choo hakinunuliwi kabla ya Jumamosi. Hii ndiyo hesabu ya mtu anayeona mbali.

Nikaondoa jiwe, nikafungua kifuniko, nikamwaga cha kwanza. Cha pili. Nilipofika cha mwisho ndege walikuwa wamenyamaza. Mbwa akasimama. Kisha kutoka chini kukaja sauti ambayo sitaki kuiandika lakini nitaiandika: mtu anameza. Anameza taratibu, bila pupa, kama mzee aliyeletewa kikombe baada ya safari. Halafu kimya. Halafu hmm. Nzima, nzito, mpaka mwisho.

Nilifunga kifuniko kwa mikono miwili.

Vibuyu nimevijaza maziwa lala ya supamaketi, nikatia vumbi la mkaa wa jiko, nikatikisa. Kwa macho hutaona tofauti. Blanketi limerudi lilivyokuwa.

Jumanne, 22 Aprili

Harufu imekwisha. Si kupungua, imekwisha. Kule konani sasa kunanukia moshi na maziwa, kama nyumba ya watu wa zamani. Kiti kina joto asubuhi, na asubuhi ya huku, niseme ukweli, hilo si jambo la kulalamikia.

Okeyo alikuja na gari lake lenye maandishi ya Injinia. Akashusha bomba kutoka kwenye antena, akalifunga pale linapotakiwa, akalipandisha mpaka juu ya paa. TV sasa ni theluji tupu. Akaniuliza nimetia nini kwenye tangi. Nikamwambia, kwa sababu nilitaka anisifu. Akashika kichwa. Akasema maziwa yanachachua tangi, yanaliua kabisa, kwamba kufikia sasa povu lingekuwa limefika getini. Akaongea sana juu ya povu. Akiwa bado anaongea akapiga magoti, akainua kifuniko anioneshe.

Mtu akakohoa.

Okeyo alikishusha kifuniko polepole mpaka kikakaa bila mlio. "Pole, Mzee," akasema, na hakuwa ananiambia mimi. Akakusanya vyombo vyake, akakataa chai. Mtu huyo hajawahi kukataa chai.

Ikiwa ilikuwa hewa, basi bomba sasa lipo. Kikohozi nacho kipo. Kinatoka mlangoni na kinatoka juu ya paa pia, na upepo ukivuma kuelekea barabarani watu wa bodaboda wanageuka.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua ya mawe tangu saa nane. Paa linapigwa mpaka hatusikizani, na bado, katikati ya mawe, unamsikia.

Brenda amemsikia pia. Hakupiga kelele. Akakaa kitandani akasema familia ya Gideon ni watu wa kanisa, wakisikia kitu kama hicho watapanda gari saa hiyo hiyo. Akaniuliza kama nina uhakika na Jumamosi. Nikasema nina mpango. Macho yake yakajaa machozi, sijui kwa nini.

Mpango: redio. Nimeiweka chooni, juu ya tangi la maji ya kuflashi, nyimbo za injili, sauti juu. Atakayeingia atasikia kwaya tu. Mama Jebet anaona ni kujionyesha, lakini haoni ubaya.

Jumamosi, 26 Aprili

Niandike kwa utaratibu.

Walifika kabla ya saa sita, magari yamejaa. Msemaji wao ni Mzee Chumo, baba mkubwa wa Gideon, mtu mrefu, mpole, kofia yake haikai kichwani, inakaa mkononi. Nyuma yake akashuka shangazi. Alikuwa na gauni la hariri na gambuti. Esther alitazama zile gambuti, akatazama mbingu.

Tukaomba. Tukataja koo. Mazungumzo yakaanza vizuri, Mzee Chumo akachekesha watu, kisha akaomba radhi akatoka nje mara moja. Hakurudi. Chai ikapoa. Wazee wakaanza kutazama saa. Nikatoka kumtafuta.

Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwenye mlango wa choo, kofia mkononi, anangoja. Mbwa ameketi kando yake. Redio ilikuwa kimya. Betri zimeisha, zile za bei rahisi. Akaniambia kwa sauti ndogo kuna mtu, tusimharakishe. Nilichungulia sebuleni kupitia dirisha. Watu wake wote wamo. Wangu wote wamo.

Ndani mtu akakohoa. Mbili fupi, moja ndefu. Hmm.

Uso wa Mzee Chumo ukabadilika. Hakukimbia. Akasogea karibu na mlango, na yeye akakohoa, vivyo hivyo, kama mtu anayejibu salamu. Akajibiwa. Wakaendelea hivyo, mmoja akikohoa mwingine akitulia, na nilipata hisia kwamba nasikiliza watu wawili wakiulizana habari za nyumbani. Kisha akavaa kofia, akarudi ndani, akaketi, akasema mazungumzo hayawezi kuendelea.

Brenda alinitazama. Sijui kama nitausahau ule mtazamo.

Mzee Chumo akaeleza. Yeye na Lagat walichunga pamoja Ainabkoi, walitahiriwa mwaka mmoja, na alikuwapo siku ya kumzika. Kikohozi kile angekijua popote. Hakusema ni pepo wala hakusema si pepo. Alisema boma hili lilikuwa na mwenyewe kabla yetu, na tumeita watu kuzungumzia msichana bila kumkalisha. "Mmemwekea bomba asikie kila tunachosema, halafu mnamnyamazia." Akauliza kama mzee ameonjeshwa kitu chochote leo.

Mama Jebet akainuka upesi, aokoe jahazi. Akaleta kibuyu, akafungua, akanusa. Akasimama. Akamimina kidogo kikombeni, akaonja. Akanitazama mimi, moja kwa moja, kati ya watu wote waliokuwa kwenye chumba kile.

"Hii si yangu. Yangu iko wapi?"

Nilitafuta uongo. Nina uongo mwingi kwa kawaida. Hakuna hata mmoja uliokuja. Nikanyoosha kidole upande wa choo, nikasema nilimpa yeye.

Zote?

Zote, Mama.

Nilikuwa nimefungua mdomo kueleza habari za bakteria. Mzee Chumo akainua mkono. Akavua kofia tena. Akasema amekwenda koito tangu akiwa kijana, na hajawahi kuona mtu aliyempa mzee wa boma mursik yote, akaona afadhali wageni wake wanywe maziwa ya duka. Akasema hiyo ni heshima iliyokuwa imepotea. Wazee wakaitikia. Mmoja akafuta machozi. Mdomo wangu ulikuwa bado wazi, nikaufunga.

Kila kitu kikapita baada ya hapo. Shangazi alivua gambuti, akaenda chooni na soksi, akarudi akitabasamu. Harusi ni Agosti. Sharti ni moja: siku hiyo, kabla ya kumchukua msichana, watasimama kwenye mlango ule wamsalimie mzee. Akijibu, harusi. Akinyamaza, watajua amekosewa hapa, na watarudi Plateau bila bibi harusi.

Brenda alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Nimefurahi. Nimefurahi kuliko siku nyingi sana. Esther alinivuta pembeni akaniuliza kitu kimoja, nimeanza heshima lini. Nikamwambia heshima ni ya moyoni.

Mbuthia alikuja kula kama jirani. Hakuna hata mgeni mmoja aliyehitaji choo chake. Alikuwa amekitandikia zulia jipya.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimepata wazo ambalo litanifanya nisahau chanjo za kuku.

Upande huu wote wa lami watu wana matangi yanayonuka. Langu halinuki. Kwa nini? Kwa sababu humo ndani kuna kizazi cha wadudu ambacho hakipo kwingine Kenya. Ukichota ukatia kwenye tangi la mwingine, nalo litapona. Nitauza kwa chupa pale agroveti. Nimeshafikiria picha ya kibuyu kwenye lebo.

Nikiwa bado nafikiria, Mbuthia akaja mwenyewe kwenye ua, anaongea chini chini. Septiki yake imeanza kunuka tangu Ijumaa Kuu, hajui imeingiliwa na nini. Anauliza mimi natumia dawa gani. Mbuthia. Ananiuliza mimi!

Nikamwambia hii ya kwanza ni bure, kati ya majirani hakuna shida. Nikachota kutoka chini kabisa ya tangi, kule kwenye uzito wake. Vyumba vitatu vinahitaji tope jingi, kwa hiyo nilichota mpaka ndoo ikakwaruza sakafu. Nikamimina mwenyewe, chumba kwa chumba, nikitoa maelezo. Tabby alinishukuru. Mbwa alitufuata njia yote.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Ukungu tena.

Asubuhi Esther alifika mlangoni akasema "Chamgei, Mzee." Kimya. Akangoja, akarudia, kwa sauti ya juu kidogo, kama unavyomwamsha mtu usiyetaka kumshtua. Kimya. Akafungua. Akaweka kiganja kwenye kiti, akakiacha hapo muda mrefu.

Baridi.

Akaniuliza nimefanya nini. Nikasema labda ni hewa. Akaketi kwenye ngazi ya jikoni na leso yake. Brenda akatoka akiwa bado na nguo za kulalia. Akaweka sikio kwenye mlango, akakohoa yeye mwenyewe, mbili fupi na moja ndefu. Binti yangu, amesoma mpaka chuo kikuu, anakohoa mlangoni pa choo kwa machozi, na hakuna anayemjibu. Nikaondoka, nikaenda kwenye ua kuangalia kuku.

Mbwa alikuwa pale, pua kwenye waya, anatazama kwa Mbuthia.

Tabby alikuwa amesimama nje ya choo chake, taulo begani, ametulia. Nikamsalimia, nikamtania kwamba Mbuthia anakaa sana humo. Akasema Mbuthia yuko dukani tangu saa kumi na mbili. Akasema amengoja mpaka amechoka, na hata hajui anamngoja nani.

Ndipo nikamsikia. Mbili fupi, moja ndefu, safi kabisa, kifua hakina shida. Na ile hmm ilikuwa na raha ambayo kwetu haikuwahi kuwa nayo. Hmm ya mtu aliyehamia vyumba vitatu.

Nimemrudia Esther nikamwambia asilie. Agosti iko mbali. Nina mpango tayari. Ndoo ninayo, kamba ninayo, Jumapili Mbuthia atakuwa kanisani na Tabby amepona mafua. Mzee alipenda kitu gani hapa kwetu, mpaka akapata nguvu? Nimempigia Mama Jebet, kumjulia hali tu. Ameanza kuandaa mursik ya harusi.

Nitaihitaji yote.